Sifa za Mwondoa Makali

Katika karakana nyingi, tupa ya kuondoa makali hukabidhiwa mwanagenzi. Fundi wa mashine ameshamaliza kazi yenye heshima: ametoboa, amekereza, vipimo vimekubali. Vilivyobaki ukingoni ni shughuli ya kijana. Mimi naona mpango huo umesimama kichwa chini.

Chukua bodi ya vali ya haidroliki, ile inayogawa oili kwenye mikono ya katapila. Imesubiwa kwa chuma, na waliosubu wamekwisha kukata mapezi yaliyoota pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Lakini mashineni huzaliwa kingo mpya ambazo kalibu haikuzijua. Keekee ikikaribia kutokea upande wa pili, chuma cha mwisho hakina cha kuegemea. Badala ya kukatika hupinda, kikabaki kimeng'ang'ania. Alumini hupinda kwa wepesi zaidi, ilhali chuma cha kusubu ni kikavu na mara nyingi humeguka. Pabaya kuliko pote ni ndani, matundu mawili yanapokutana pasipofika kidole. Kipande chembamba kikibaki hapo, oili inaweza kuking'oa siku yoyote na kukipeleka kwenda kukwamisha vali. Atakayelaumiwa ni fundi aliye eneo la ujenzi, asiyejua hata bodi ilitobolewa wapi.

Mhandisi ana sehemu yake. Kanuni ya kimataifa ISO 13715 imempa alama za kuonyesha mchoroni kila ukingo uweje: ya kutoa inataka chuma kipunguzwe, ya kujumlisha inaruhusu kidogo kibaki. Anayeandika tu "ondoa makali yote" amekwepa kazi, kwani yapo makali yasiyoguswa. Mhimili unaoteleza ndani ya bodi hiyohiyo huachiwa kingo kali makusudi; ndizo zinazopima oili inayopita, tena huzuia uchafu usijipenyeze kati yake na ukuta wa tundu. Mwenye bidii akizilainisha, ameiharibu vali kwa nia njema. Kumbe mdomo wa tundu linalopitishiwa pete ya mpira lazima ulainishwe, la sivyo utaikata pete wakati wa kuunganisha.

Mchoro ukishasema, mzigo ni wa aliyeukata ukingo. Yeye ndiye ajuaye keekee ilitokea wapi. Kumsukumia wa mbele ni kumpara samaki upande mmoja kisha kumtia chunguni. Muda wa kuondoa makali una gharama, najua, na wateja hawapendi kuulipia; basi uingizwe kwenye bei tangu mwanzo.

Mjuzi wa kazi hii hasugui kwa nguvu. Hupitisha tupa kwa wepesi, ameilaza kwa pembe, kwa sababu akikandamiza huzua ukali mwingine ubavuni. Hupima kwa kucha, au hupitisha pamba: ikinasa, bado. Matundu ya ndani huyafuata kwa brashi ndefu na taa ndogo, huosha, hupuliza kwa upepo, kisha humulika tena, maana chembe iliyong'olewa isipotoka ingali ndani ya bodi.