Orodha, Fomu na Sanduku: Uchaguzi wa Serikali za Mitaa Kigwa

Mkazi wa Kigwa, kata ya Wilaya ya Uyui iliyopo mashariki mwa mji wa Tabora, huwachagua viongozi wake wa karibu katika chaguzi mbili zinazopishana kwa takriban mwaka mmoja. Wa kwanza ni wa kijiji na kitongoji. Wa pili ni wa diwani, unaofanyika siku moja na ule wa Rais na wabunge. Watu wengi huzichanganya, na si ajabu, maana mpiga kura ni yule yule na mara nyingi hata kituo ni kile kile. Kisheria, hata hivyo, ni mambo mawili tofauti.

Uchaguzi wa diwani husimamiwa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, kwa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Ule wa kijiji na kitongoji husimamiwa na Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI), kwa kanuni anazotoa waziri mwenye dhamana chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura 287. Sheria ya Tume ya mwaka 2024 iliitaja Tume kuwa msimamizi wa uchaguzi huu pia, lakini kwa utaratibu wa sheria nyingine ambayo Bunge lingeitunga. Sheria hiyo haikuwa imetungwa ulipofika uchaguzi wa 27 Novemba 2024, hivyo TAMISEMI ikaendelea na kazi kama ilivyofanya mwaka 2014 na 2019.

Kwa kuwa daftari ni la Tume, kila kitongoji huandaa orodha yake upya. Mwaka 2024 kazi hiyo ilifanyika kwa siku kumi, kuanzia tarehe 11 hadi 20 Oktoba. Aliyekuwa na kadi ya mpiga kura ya Tume na asiyekuwa nayo wote walitakiwa kwenda kujiandikisha. Kadi peke yake haikumpa mtu haki ya kupiga kura kitongojini. Sifa ni chache: uraia, umri wa miaka 18, akili timamu, na ukazi wa eneo husika. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo yenye ugumu katika nchi ya tumbaku na ng'ombe. Mkulima anayehamia shambani porini msimu wa mvua, au mfugaji ambaye boma lake liko mbali na kaya za wengine, lazima ijulikane ni wa kitongoji kipi. Mwandikishaji hana kipimo kingine zaidi ya watu wanaomfahamu. Ndiyo sababu orodha hubandikwa hadharani: jirani aweze kuweka pingamizi dhidi ya jina asilolitambua, na aliyeachwa adai kuingizwa.

Baada ya orodha huja fomu za wagombea, na hapa ndipo uchaguzi huu huamuliwa zaidi kuliko kwenye sanduku. Mgombea awe na miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, awe mkazi, awe na kipato halali, na adhaminiwe na chama cha siasa. Mgombea binafsi hayupo. Kosa dogo katika fomu linaweza kumwondoa mtu. Mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwa sababu za aina hiyo, CHADEMA na vyama vingine vikatangaza kujitoa, na CCM ikatwaa zaidi ya asilimia 99 ya nafasi, nyingi bila kupingwa. Anayeenguliwa hukata rufaa kwenye kamati ya wilaya, ambayo wajumbe wake ni watumishi wa umma. Muda wa rufaa ni mfupi, na karatasi zenye ushahidi zinashikwa na ofisi ile ile inayolalamikiwa. Ukitazama utaratibu mzima, huu ndio upungufu wake mkubwa.

Siku yenyewe ya kura haina mambo mengi. Mwaka 2024 ilikuwa Jumatano, ikafanywa ya mapumziko, na vituo vilifunguliwa saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni. Mpiga kura wa kijijini huchagua mwenyekiti wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji chake, na wajumbe wa halmashauri ya kijiji, wakiwamo wa kundi la wanawake. Halmashauri hiyo huwa na watu 15 hadi 25, na wanawake wasipungue robo. Kura huhesabiwa pale pale kituoni mbele ya mawakala, na mwenye kura nyingi hushinda hata asipofika nusu.

Diwani naye huchaguliwa moja kwa moja na wananchi wa kata, lakini mwenyekiti wa Halmashauri ya Wilaya ya Uyui, yenye makao yake Isikizya, huchaguliwa na madiwani kutoka miongoni mwao, wakiwamo wale wa viti maalumu. Mwananchi wa Kigwa hampigii kura. Mtendaji wa kijiji vilevile hachaguliwi: ni mwajiriwa, na ndiye katibu wa halmashauri ya kijiji. Matunda ya chaguzi zote mbili hukutana katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ni mwenyekiti na wenyeviti wa vijiji ni wajumbe wake.