Ukimya kama Fani: Barua za Yevgenia Rudneva

Barua za wanajeshi aghalabu husomwa kama ushahidi wa kihistoria, fani yake ikapuuzwa. Barua za Yevgenia Rudneva zinadhihirisha upungufu wa usomaji huo. Mnamo Oktoba 1941 Rudneva aliacha masomo ya elimu ya nyota katika Chuo Kikuu cha Moscow, akajiunga na jeshi la Sovieti. Huko Engels, kando ya mto Volga, alifunzwa kuongoza njia ya ndege za mabomu. Aliwaandikia wazazi wake barua, na wakati uo huo akaandika shajara.

Barua za vita hivyo zilikunjwa pembetatu, bila bahasha wala gundi, ili mkaguzi azifungue kwa urahisi. Kwa hiyo kila barua ilikuwa na wasomaji wawili: dola na mzazi. Ni rahisi kumbebesha msomaji wa kwanza lawama ya kila lisilosemwa. Hata hivyo, Machi 1942 wasichana wanne wa kikosi chake walipokufa katika mazoezi ya usiku, je, binti angemwandikia nini mamaye? Anayechelea kumtia mzazi simanzi huwa mkaguzi wa nafsi yake, tena mkali kuliko yule wa serikali.

Rudneva aliuawa vitani Aprili 1944. Shajara na barua zake, zilizochapishwa baadaye, zastahili kusomwa sambamba. Katika barua, ukimya si pengo la maudhui. Ni sehemu ya maudhui yenyewe.