Wanafunzi na Upangaji wa Somo la Jiografia

Mwaka 2006 ulianza Uingereza mradi uitwao Young People's Geographies, chini ya Geographical Association, chama kilichoundwa mwaka 1893. Mradi huo uliwakutanisha wanafunzi, walimu na wanajiografia wa vyuo vikuu, wapate kuzungumza pamoja juu ya mambo yafaayo kufundishwa. Shabaha yake ni njema, lakini yafaa kuipima kabla ya kuisifu.

Jema lake ni kwamba wamkubali mtoto kuwa ni mjuzi wa mahali akaapo. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Na mwalimu asiyeuliza hatajua darasa lake limekwisha kujua nini. Lakini somo likianzia nyumbani kwa mtoto na kuishia huko huko, limempunja. Michael Young, katika kitabu chake cha mwaka 2008, ashikilia kuwa shule ipo ili impatie mtoto maarifa asiyoweza kuyapata kwao. Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa, kwani mtoto hawezi kuuliza habari ya jambo ambalo hajapata kulisikia.

Natutwae mfano wa pwani yetu. Mtoto wa mvuvi ajua kaskazi na kusi, na ajua ni upepo upi uletao vyombo kutoka Arabuni. Akishirikishwa kupanga somo, bila shaka atauliza kwa nini pepo hizo hubadilika. Swali ni lake. Lakini jibu, kwamba bara la Asia hupoa wakati wa baridi na hewa yake nzito ikasukumwa kuelekea baharini, halimo chomboni. Hilo ni la mwalimu. Hivyo kupanga pamoja si kugawana mamlaka nusu kwa nusu: mwanafunzi aleta swali na mfano, mwalimu aleta sababu.

Hapa ndipo lugha inapoingia, nalo ni jambo ambalo watetezi wa mradi ule hawakuwa na haja kubwa ya kuliwaza. Katika Tanzania, shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na za sekondari kwa Kiingereza. Yule aliyeuliza habari za kaskazi kwa ufasaha hukutana na neno la Kiingereza “monsoon” kana kwamba ni kitu kigeni, ilhali neno hilo na “msimu” wetu yote mawili yatokana na Kiarabu “mawsim”. Ukimwalika apange somo kwa lugha asiyoweza kubishana kwayo, atanyamaza au atakubali kila asemalo mwalimu, na ushauri utakuwa wa jina tu.

Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alitaka wanafunzi washiriki katika maamuzi ya shamba la shule. Mantiki ile ile yafaa kuvuka kutoka shambani hadi darasani. Mtu hawezi kufunzwa kuamua juu ya mahindi, kisha akakatazwa kuuliza kwa nini mvua ya kuyaotesha imechelewa.

Basi wenye kutunga mihutasari ya jiografia na waachie maswali ya mwanzo wa kila mada yatoke kwa wanafunzi, tena yaandikwe kwa Kiswahili, ndipo istilahi zifuate. Pasipo hilo, kuwashirikisha ni kuwaita barazani na kuwanyima kauli.