Fani, Maudhui na Kiolezo cha Ukurasa

Katika masomo ya fasihi tumezoea kubishana juu ya fani na maudhui. Wako wanaosema kwamba fani ni kikombe na maudhui ni chai: chai yaweza kumiminwa katika kikombe chochote, nayo ikabaki chai ile ile. Wako wanaolikataa wazo hilo, wakashikilia kwamba viwili hivi ni pande mbili za sarafu moja. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ubishi huo haukubaki darasani. Umeingia katika kazi ya kupanga kurasa za vitabu na majarida yetu, na huko, pasipo kuulizwa, wengi wetu tumekwisha kuchagua upande wa kikombe.

Hapo zamani ukurasa ulipangwa na fundi katika kiwanda cha chapa. Mwaka 1985 programu ya PageMaker ya kampuni ya Aldus, pamoja na mashine ya LaserWriter ya Apple, ziliwezesha mtu mmoja kupanga ukurasa na kuupiga chapa akiwa mezani pake. QuarkXPress ilifuata mwaka 1987, na InDesign ya Adobe mwaka 1999. Programu hizi zilirithi nidhamu ya mafundi. Hata jina la Aldus lilitwaliwa kwa Aldus Manutius, mpiga chapa mashuhuri wa Venice. Ndani ya faili zake hamna herufi na picha tu, bali mna kanuni pia: mtindo wa kila aina ya aya, ukurasa kiongozi unaotawala kurasa nyingine, mahali ambapo neno laweza kukatwa, na mkondo unaopitisha habari kutoka kisanduku hiki hadi kile.

Mwaka 2013 zilitokea zana za namna nyingine, zikiwemo Canva na Lucidpress, ambayo tangu mwaka 2022 inaitwa Marq. Hizi hutumika mtandaoni. Mtu asiye fundi huchagua kiolezo kilichokwisha pambwa, akabadili maneno na picha, na kazi imekwisha. Hatuna haki ya kuzibeza. Baraza la Mawaziri la Uganda lilipokubali, Julai 2022, Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni, mahitaji ya vijitabu vya kusomea yalionekana wazi kuliko hapo awali. Programu za mafundi aghalabu hulipiwa, na si kila shule ina mtu anayezijua. Ikiwa mwalimu aweza kusahihisha ukurasa mwenyewe bila kumngoja fundi wa mjini, hiyo ni hatua ya mbele.

Taabu huanza pale faili ya fundi inapohamishiwa katika kiolezo. Njia zilizozoeleka ni mbili. Ya kwanza ni kupitia IDML, ambayo InDesign iliijia nayo mwaka 2008: ni furushi la maandishi linaloeleza habari, kurasa na mitindo kila moja mahali pake. Ya pili ni kupitia PDF. Hii kwa kawaida huhifadhi kila herufi mahali ilipo juu ya karatasi, lakini si lazima ijue kwamba mistari mitano ni aya moja. Zana inayoipokea hulazimika kukisia. Kwa hiyo njia ya kwanza hubeba kanuni, ingawa zana pokezi huweza kuziacha zile isizozielewa; njia ya pili hubeba sura tu.

Natutazame mfano. Kijitabu cha mashairi ya wanafunzi kilichopangwa na fundi kilihamishwa kwa njia ya PDF, ili walimu wa shule kadhaa waweze kukiongezea mazoezi. Katika faili ya awali kila mshororo ulikuwa na vipande viwili vilivyotengana, ukwapi upande huu na utao upande ule, utao wote ukianzia mahali pamoja. Mshororo mmojawapo ulikuwa wa namna hii:

Mwalimu washika chaki,     na ubao wangojea

Mizani ni minane kwa minane; kina cha kati ni -ki, cha mwisho ni -a. Baada ya kuhamishwa, fonti ya fundi haikupatikana, ikawekwa nyingine iliyo pana zaidi. Nafasi baina ya vipande ikawa nafasi ya kawaida ya neno na neno. Kisanduku hakikupanuka. Matokeo yake ni haya:

Mwalimu washika chaki, na ubao
wangojea

Ukurasa ulibaki mzuri kwa kuutazama. Rangi zilikuwa zile zile, na ua la pembeni lilikuwa pale pale. Lakini ubeti wa mishororo minne ulikuwa na mistari minane, na kina cha kati kilikuwa kimezama ndani ya mstari. Mwanafunzi mmoja aliandika katika jaribio lake kwamba ubeti ule una mishororo minane, na mwalimu akamkosoa kwa kalamu nyekundu. Mtoto yule hakukosea. Alihesabu alichopewa.

Hapa ndipo nadharia ya kikombe inaposhindwa. Katika shairi la Kiswahili nafasi kati ya ukwapi na utao si pambo. Humwambia msomaji mahali pa kutua, na humwonyesha kina kabla hajakitafuta. Ukiifuta, umelifuta fungu la shairi lenyewe. Nathari nayo haisalimiki: maneno yetu marefu hayaingii vyema katika visanduku vilivyopimwa kwa maneno mafupi ya Kiingereza, na kanuni za kigeni za kukata maneno zaweza kutupa "mwanafun-zi" badala ya "mwanafu-nzi", kana kwamba silabi zetu hazina utaratibu.

Tusiwe wakali kupita kiasi. Tangazo la mkutano, cheti cha kuhitimu na kadi ya mwaliko ni vikombe kweli; ukibadilisha jina na tarehe hakuna kinachopotea. Kosa si la kiolezo, bali ni la sisi tunaodhani kwamba kila ukurasa ni cheti.

Basi tunapendekeza haya. Faili ya fundi isitupwe baada ya kuhamishwa. Yeye mwenyewe akabidhi shuleni faili hiyo, IDML yake, na majina ya fonti alizotumia. Mashairi na tamthilia zipangwe katika programu ya kurasa. Scribus, kwa mfano, hutolewa bure na haihitaji mtandao ili kufanya kazi. Kilichohamishwa kisipigwe chapa kabla mwalimu wa fasihi hajakisoma kwa sauti, ubeti kwa ubeti, akiwa ameshika nakala ya kwanza mkono wa pili. Macho ya mpambaji hutafuta uzuri wa ukurasa. Sikio la mwalimu litasikia mahali mshororo ulipovunjika, na kusikia huko ni sehemu ya uhakiki, kazi tuliyosomea.