Ufanisi Ulionunuliwa kwa Imani: Uhakiki wa Mnada wa Viazisukari wa Denmark

Sehemu hii inahakiki makala ya Bogetoft na wenzake kuhusu mnada wa Januari 2008, uliokuwa matumizi makubwa ya kwanza ya ukokotoaji salama wa pamoja baina ya wahusika wasioaminiana. Wakulima wapatao 1,200 wa Denmark walishiriki katika kuuziana haki za kupeleka viazisukari kiwandani. Msindikaji wa zao hilo nchini alikuwa mmoja tu, kampuni ya Danisco. Kwa kuwa zabuni hufichua hali ya kiuchumi ya mkulima, Danisco haikufaa kuwa dalali. Chama cha wakulima, DKS, nacho hakikufaa peke yake, kwani baadhi ya wakulima walikuwa wadeni wa Danisco.

Ufumbuzi ulikuwa kugawa kila zabuni katika vipande vitatu kwa mbinu ya Shamir ya mwaka 1979. Kipande kimoja hakielezi chochote. Viwili vikikutana, siri imetoka. Vipande hivyo vilikabidhiwa Danisco, DKS na watafiti wa mradi. Bei ya soko ilipatikana kwa takribani nusu saa bila kufunua zabuni ya yeyote.

Mafanikio hayo hayapingiki. Hata hivyo, itifaki hiyo inachukulia kwamba kila mshika kipande atafuata kanuni na hatashirikiana na mwenzake. Ni kweli kwamba Danisco na DKS zilivutana kuhusu bei. Lakini kuvutana kuhusu bei hakuzuii pande hizo kutamani kwa pamoja kumjua mkulima aliyeelemewa. Pande mbili zilizoogopwa ndizo zilizopewa vipande viwili vinavyotosha kuifungua siri.

Mwaka 2012 Damgård, mmoja wa waandishi haohao, pamoja na Pastro, Smart na Zakarias, walitoa itifaki ya SPDZ. Humo siri hubaki salama hata wahusika wote wakiwa wadanganyifu isipokuwa mmoja, na kazi nzito hufanywa kabla ya zabuni kuingia. Nayo ina gharama yake: mhusika mmoja aweza kukwamisha hesabu.

Kwa hiyo, mtafiti anahoji kuwa ufanisi wa itifaki usipimwe kwa dakika pekee. Upimwe pia kwa idadi ya watu ambao mnyonge analazimika kuwaamini ili dakika hizo zipungue.