Kupanga na Kupangua

Kiswahili kina njia ya kukitendua kitenzi kwa kukigeuza mwisho tu. Anayefunga aweza kufungua, anayeziba aweza kuzibua, na anayepanga aweza kupangua. Jozi hii ya mwisho imekuwa mali ya makanisani na misibani: binadamu hupanga, Mungu hupangua. Husemwa kwa pumzi ndefu, safari ilipovunjika, uchumba ulipokatika, mtoto aliyesomeshwa kwa kuuza ng'ombe aliporudi nyumbani bila kazi. Anayesikia hujiwa na picha ya mtu anayejenga ukuta na mwingine anayemfuata nyuma akiubomoa. Nadhani picha hiyo inamdhulumu Mungu, na neno lenyewe inalidhulumu vilevile. Kupangua si kubomoa. Ziko kazi ambazo kupangua ni nusu ya ufundi wake, na Mkristo anayetaka kujua maana ya kumkabidhi Mungu mipango yake angejifunza mengi kwa kuitazama mojawapo: kazi ya kupanga herufi za chapa kwa mkono, pamoja na ndugu yake, kazi ya kufasiri.

Mpiga chapa wa zamani alisimama mbele ya sanduku pana lililogawanywa vijumba, kila herufi na kijumba chake. Aliokota vipande vya risasi kimoja kimoja, maandishi yakiwa kinyume kama yanavyoonekana kwenye kioo, akavipanga mstari baada ya mstari katika kishikio kidogo cha chuma kilichotulia mkononi mwake wa kushoto. Ukurasa ulipokamilika ulibanwa ndani ya fremu, ukapakwa wino, ukachapwa. Msomaji huishia hapo, fundi hakuishia hapo. Herufi zilioshwa wino, kisha zikapanguliwa, kila moja ikarudi kijumbani mwake, maana matbaa ndogo haikuwa na herufi za kutosha kuacha ukurasa wa kwanza umesimama huku ukurasa wa tisa ukipangwa. Kwa Kiswahili shida ilikuwa zaidi: lugha yetu inakula herufi a kwa kasi ambayo sanduku lililotengenezwa kwa ajili ya Kiingereza halikuitarajia. Fundi aliyeupenda ukurasa wake kiasi cha kukataa kuupangua angebaki na ukurasa mmoja maisha yake yote. Na kupangua kulitaka makini kuliko hata kupanga, kwa kuwa herufi iliyorudishwa kijumba kisicho chake leo ingeharibu neno la mtu mwingine kesho.

Kazi hii ilifanyika Unguja, katika misheni ya Waanglikana iliyofika huko baada ya kupanguliwa yenyewe. Mmisionari na mpelelezi David Livingstone alikuwa amehutubia Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1857, na kutokana na moto wa hotuba ile ikaundwa misheni ya vyuo vikuu, ikapelekwa 1861 kwenye nyanda za juu za mto Shire chini ya Askofu Mackenzie. Januari 1862 Mackenzie alikuwa kaburini. Mrithi wake, Tozer, aliondoa misheni bara akaipeleka Unguja mwaka 1864, na wengi, Livingstone akiwa mmoja wao, wakaona amekimbia. Pamoja na Tozer alikuja rafiki yake, Edward Steere, kasisi aliyesomea sheria, aliyedhamiria kumsindikiza kwa muda mfupi tu kisha arudi kwenye parokia yake Uingereza. Alijifunza Kiswahili kwa wenyeji, akawafundisha vijana waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa kupanga herufi, na mwaka 1870 akatoa kitabu cha kufundishia lugha na mkusanyo wa hadithi za Unguja. Mwaka 1874 alifanywa askofu. Alifia Unguja Agosti 1882, akazikwa ndani ya kanisa la Mkunazini ambalo yeye mwenyewe alilisimamia likijengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Muda mfupi ule uligeuka kuwa maisha.

Kisa cha Johann Ludwig Krapf kinakwenda mbali zaidi, na ndicho ninachokiegemea. Mmisionari huyu Mjerumani, aliyezaliwa 1810 karibu na Tübingen, hakuja Mombasa kwa ajili ya Waswahili. Moyo wake ulikuwa kwa Waoromo. Aliishi Shoa, Ethiopia, kuanzia 1839, akajifunza Kioromo, akaanza kufasiri Injili kwa lugha hiyo. 1842 alitoka, na njia ya kurudi ikafungwa. Alipofika Unguja mwanzoni mwa 1844 na kupewa barua na Sultani Seyyid Said, bado alikuwa akitafuta mlango wa kuwafikia Waoromo, safari hii kutokea kusini. Mombasa kwake ilikuwa baraza ya kungojea, nyumba ilikuwa mbele. Akiwa barazani hapo, mwezi Juni, kwa msaada wa msomi wa Kiislamu aliyekuwa kadhi, alianza kufasiri kitabu cha Mwanzo. Julai homa ikamlaza yeye na mkewe Rosine, aliyekuwa amejifungua siku chache tu. Rosine akafa, na mtoto akamfuata. Wakazikwa bara, ng'ambo ya kisiwa. Baadaye Krapf alichora mpango mkubwa kuliko wa kwanza, mnyororo wa vituo vya misheni kutoka pwani hii hadi magharibi ya Afrika. Mwaka 1851 alikwenda Ukambani kuutia mnyororo huo pete nyingine. Mwenyeji wake, Kivoi, akauawa njiani, na Krapf akatoroka peke yake nyikani akibeba maji ndani ya mtutu wa bunduki. Afya ilipomwondoa pwani mwaka 1853, mnyororo ulikuwa na pete moja, Rabai, karibu na Mombasa.

Ukiuhukumu mpango, ulishindwa. Lakini angalia herufi zilikwenda wapi. Miaka ya Shoa ilimfundisha jinsi ya kukaa chini na mwenye lugha, kumsikiliza tena na tena, kuandika kwa herufi za Kirumi sauti ambazo herufi hizo hazikuzoea, kuuliza bila kumwekea mtu jibu mdomoni. Mazoea hayo hayakuzikwa na mpango wa Waoromo. Yalirudi vijumbani, yakapangwa upya kwa Kiswahili, lugha iliyokuwa na washairi wake na maandishi yake kwa herufi za Kiarabu muda mrefu kabla yake. Sura tatu za Mwanzo zilichapwa Marekani mwaka 1847, sarufi ikatoka Tübingen 1850, na maneno yakaendelea kurundikana kwenye daftari. Ndivyo ninavyoelewa kumkabidhi Mungu mipango. Mpango hupanguliwa, kilichomo ndani yake, juhudi na maarifa na hata upendo, hakitupwi. Mtume Paulo alipitia hayohayo. Matendo ya Mitume inaeleza alivyotaka kuhubiri Asia akazuiwa, akataka kuingia Bithinia akazuiwa tena, mpaka akajikuta Troa, mbele yake bahari, na kutoka hapo akavuka kwenda Makedonia. Mtu wa kwenda tu anakopelekwa asingefika Troa, kwa maana Paulo alifikishwa Troa na mipango miwili iliyokataliwa.

Kuna atakayesema kwamba hii ni njia ya heshima ya kuhalalisha uvivu. Kama Mungu atapangua, ya nini kupanga? Pingamizi hili lina nguvu kwetu kwa sababu tumewaona wanaolitenda: mkulima asiyepalilia kisha anasema ndivyo alivyojaliwa, kamati ya kanisa isiyofanya hesabu kisha inaita hasara yake majaribu. Lakini ufundi wenyewe unawakana. Hakuna kupangua mahali ambapo hakuna kilichopangwa. Sanduku lisiloguswa halijanyenyekea, limelala. Yakobo, katika waraka wake, hawakatazi wafanyabiashara kupanga safari ya mwaka mzima na faida yake. Anawataka waisemee safari hiyo chini ya sharti la Mungu kupenda. Na Bwana mwenyewe, usiku ule Gethsemane, alianza kwa kusema analotaka. Aliomba kikombe kiondolewe. Aliomba zaidi ya mara moja, kwa jasho. Aliyeficha ombi lake asiseme analotaka hajakabidhi kitu, kwa kuwa hakuna alichokiweka mezani.

Pingamizi la pili ni zito, na sipendi wanavyolipita wahubiri wengi. Visa vya namna hii husimuliwa kutokea mwishoni. Sarufi ipo, kanisa lipo, kwa hiyo inakuwa rahisi kusema kila kitu kilikuwa na sababu. Na Rosine? Na mtoto yule? Tuseme Mungu aliwaondoa ili sarufi ichapwe Tübingen? Hapa lugha yetu yenyewe inatuweka njia panda. Kwa Kiswahili mapenzi ya Mungu na mapenzi ya watu wapendanao ni neno lilelile. Mungu akipenda, tunasema, na kitenzi ni kilekile cha mama kumpenda mwanawe. Wafasiri walipolichukua neno hili kutoka kinywani mwa watu walitupatia zawadi ambayo lugha nyingi hazina: hatuwezi kutamka nia ya Mungu bila kutamka upendo. Zawadi hiyohiyo ina makali. Msibani tunaambiana kwamba sisi tulimpenda marehemu lakini Mungu kampenda zaidi, na mama aliyefiwa anasikia kwamba upendo wa Mungu ndio uliomwua mwanawe. Naamini tunalitumia neno kinyume. Kama mapenzi ya Mungu ni mapenzi kweli, basi si kila kinachotokea kinastahili jina hilo, na homa haistahili. Injili zinamwonyesha Yesu akiikemea homa ya mkwe wa Petro, hakuibariki. Kujikabidhi kwa Krapf siku ya maziko hakukuhitaji aite kifo kizuri. Kulihitaji asiruhusu kifo kishike kalamu. Na ieleweke pia kwamba wako waliokabidhi yote na hatuoni kilichochipua. Mackenzie ni mmoja wao. Mtu akijikabidhi ili aje alipwe kitu kikubwa zaidi, amefanya biashara, na ni haki yake kulalamika bei ikishuka.

Lipo na la tatu, ambalo limewaumiza wengi. Maneno ya unyenyekevu hupendwa sana na wenye nguvu. Mke anayepigwa huambiwa ayapokee mapenzi ya Mungu. Kibarua asiyelipwa huambiwa thawabu yake iko mbinguni. Vijana wale waliopanga herufi Unguja walijua hilo kuliko yeyote: kabla ya kufika kwenye sanduku la herufi walikuwa wamepanguliwa na wafanyabiashara, wakatolewa kwao, wakahesabiwa, wakapakiwa. Hakuna anayeweza kuliita tendo hilo la Mungu bila kukufuru. Jibu langu liko katika silabi moja. Tunasema kujikabidhi, na hiyo ji haiondoki. Mtu aweza kukabidhi funguo, mahari, ofisi, amana ya jirani. Nafsi na mipango yake aweza kuikabidhi mwenyewe tu. Askari aliyezidiwa husalimu amri kwa sababu bunduki iko kichwani. Anayekabidhi huweka kitu mkononi mwa anayemwamini, tena huwa na haki ya kuuliza kimefikia wapi, kama Zaburi zinavyouliza bila haya. Mchungaji, mume au mwajiri anayemkabidhi mwenzake kwa Mungu, ili aendelee kumtumia yeye, amemwibia ile ji.

Kwa hiyo ninaposifu ufundi huu nasifu kazi ya mikono iliyo huru, na ndiyo maana mfasiri ananivutia kuliko shujaa yeyote wa misheni. Kila asubuhi anakaa na sentensi ambayo angeisema vingine. Anaipenda yake, ni tamu, ina mizani. Lakini si hiyo iliyoko kwenye matini, basi anaifuta. Siku inayofuata mwenye lugha anamwambia kwamba watu hawasemi hivyo, anafuta tena. Akimaliza, kizazi kinachofuata kinaiondoa kazi yake yote. Krapf aliokota maneno yake hasa katika Kimvita, lahaja ya Mombasa, na aliyaheshimu. Biblia nzima ya kwanza, mwaka 1891, ikatoka kwa Kiunguja. Biblia ya Kimvita ikafuata mwaka 1914. Kamati ya lugha ya 1930 ikashika Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na tafsiri ya pamoja ya 1952, ambayo Wakristo wengi wanaijua kwa moyo, ikaziweka kando zote mbili. Hakuna tusi katika hilo. Maneno waliyoyakubali wa kwanza yamo ndani ya kazi ya waliowafuata, yamerudishwa kila moja kijumbani mwake.

Krapf alifariki Korntal, Ujerumani, Novemba 1881. Alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda. Kamusi yake ya Kiswahili ilitoka London mwaka uliofuata, kurasa zaidi ya 400, zilizopangwa na mafundi ambao huenda hawakujua kusoma hata mstari mmoja wa walichokuwa wakikipanga. Hakuwahi kuishika ikiwa kitabu kizima. Mengi ya maneno yaliyomo aliyaokota Mombasa na Rabai, miaka ile alipokuwa bado akitafuta njia ya kwenda kwingine.