Mota Isiyotaka Kusimama

Mwanza mota iliyoungua haitafutwi, inaletwa. Inaletwa na mwenye mashine ya kusaga, na mwenye pampu ya bustani, na mwenye jokofu la samaki, nazo huishia mezani kwa mafundi wa kusuka mota kama wale wa Nyakato, kando ya barabara ya Musoma, eneo la viwanda na chuo cha VETA. Fundi anahesabu mizunguko ya kila koili kabla hajaitupa, anapima unene wa waya, anakata karatasi ya kuhami, anasuka upya, anapaka vanishi. Hiyo ndiyo kazi inayolipa kodi ya pango. Ninayotaka kuisifu ni ile inayoanza jioni, kwa mabaki ya ile ya mchana, na haimwingizii mtu hata senti.

Kifaa kinachoundwa jioni hizo kinaenea juu ya kipande cha mbao. Kuna gurudumu jepesi lenye sumaku kadhaa ukingoni, na koili moja iliyosimama karibu nalo bila kuligusa. Kuna transista, risista, dayodi na betri mbili za volti 12, moja ya kuendesha na nyingine ya kupokea. Ukilisukuma gurudumu kwa kidole, linashika kasi na kuendelea lenyewe, huku betri ya pili ikichajiwa. Muundo huu ulienezwa na John Bedini, Mmarekani mtengenezaji wa amplifaya, aliyechapisha kijitabu chake mwaka 1984. Ndoto iliyomo ndani yake ni kongwe kuliko yeye: betri izungushe mota, mota iijaze betri, na mwenye nyumba asimjue tena muuza umeme.

Anza na koili, maana hapo ndipo mkono wa fundi unapojulikana. Waya mbili za shaba, nene na nyembamba, husukwa kwa pamoja, mamia ya mizunguko, kwenye bobini ya plastiki. Waya iliyotolewa kwenye mota iliyoungua haifai. Vanishi yake imekwisha, na mchubuko mmoja tu unatosha kuunganisha mizunguko na kuua koili nzima. Hutumika basi vipande vya waya mpya vilivyosalia kwenye kazi za wateja. Mkono mmoja unazungusha, mwingine unashikilia waya. Ukilegea, waya zinapandana. Ukikaza mno, ile nyembamba inakatikia ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Nimemwona fundi akiifumua koili yote kwa sababu alipoteza hesabu akiitikia salamu ya mteja. Hakulalamika. Mteja aliyefuata aliitikiwa kwa kichwa tu, na kwa mji unaojali salamu kama huu hiyo ni ishara ya mtu aliyezama kazini.

Katikati ya koili kinaingia chuma. Chuma cha kipande kimoja hupata joto bure, kwa umeme unaojizungusha ndani yake bila faida, kwa hiyo fundi huchukua fimbo za kuchomelea, anazigonga ganda lidondoke, anazikata urefu mmoja na kuzipaka vanishi ili zisipitishiane umeme, kisha anazifunga pamoja. Zinafuata beringi. Mpya ya dukani imejaa grisi, na kwa mota ndogo namna hii grisi ni breki. Inaoshwa kwa petroli, inakaushwa, inatiwa tone la mafuta ya cherehani. Halafu gurudumu linazungushwa na kuachwa lisimame lenyewe. Likisimama kila mara upande uleule ukiwa chini, upande huo ni mzito, basi panapigwa msasa, au chembe ya risasi inabandikwa upande wa pili. Sumaku za spika kuukuu zinatosha. Za ndani ya diski za kompyuta zina nguvu zaidi, na zikikubana kidole hutazisahau.

Kinachotokea kikiwashwa ni kizuri kukifuatilia hatua kwa hatua. Sumaku inapopita, waya nyembamba inapata umeme kidogo, jambo ambalo Faraday alilionyesha mwaka 1831. Umeme huo unaifungua transista, mara nyingi 2N3055 iliyong'olewa kwenye amplifaya mbovu. Mkondo wa betri ya kwanza unaingia waya nene, koili inageuka sumaku na kulipa gurudumu msukumo. Mara transista inajifunga. Koili haikubali mkondo wake kukatwa ghafla. Nguvu ya sumaku iliyojikusanya ndani yake inaporomoka na kutoa, kwa kitambo kifupi mno, mamia ya volti kutoka kwenye betri ya 12. Bila njia ya kutokea, volti hizo huitoboa transista. Dayodi ndiyo njia, nayo inazipeleka kwenye betri ya pili. Wenye uzoefu huweka pia kitaa cha neoni sambamba na transista. Waya wa betri ya pili ukichomoka, kitaa kinawaka na transista inapona. Kuna hata ubishi wa dayodi: ya kawaida inakula kama volti 0.7, ya Schottky inakula karibu nusu ya hiyo, na kwa watu hawa tofauti hiyo inatosha kuwakesha.

Halafu mita inaanza kudanganya. Betri ya pili inasoma 12.4, baadaye 12.7, na watazamaji wanashangilia. Lakini betri ya asidi hupandisha volti kabla haijashiba. Iache usiku kucha na asubuhi utaikuta imeshuka. Fundi ninayemheshimu anaiamini taa na saa. Betri ya volti 12 na ampea-saa 7 ikijaa inabeba wati-saa 84, kwa hiyo taa ya wati 5 ingewaka karibu saa 17, na kwa kweli huwaka pungufu. Anaiwasha, anaandika daftarini ilianza lini na ilififia lini, kwa betri zote mbili, kisha anajumlisha.

Jibu lenyewe, kwamba kinachorudi ni kidogo kuliko kilichotoka, linajulikana kabla ya daftari. Chukua mota ya kawaida iliyofungwa dainamo. Tuseme mota inageuza asilimia 60 ya umeme kuwa mzunguko, na hapo tumeikarimu. Dainamo nayo irudishe asilimia 60, na betri ihifadhi asilimia 80 ya inachopewa. Katika kila 100 zilizotoka, zinarudi 29. Ukiongeza gia au dainamo ya pili unaongeza mahali pa kupotezea. William Kamkwamba wa Malawi naye alitumia dainamo ya baiskeli, mwanzoni mwa miaka ya 2000, lakini yeye alikuwa na upepo. Maji ya ziwa letu, Victoria, yanayotokea Jinja, Uganda, huzungusha mitambo ya bwawa lililofunguliwa mwaka 1954 kwa sababu yanashuka. Kifaa cha Nyakato hakina upepo wala maporomoko, kina betri iliyochajiwa jana. Akademia ya Sayansi ya Paris ilitangaza mwaka 1775 kwamba haitachunguza tena mashine za kujiendesha milele. Naona uamuzi huo uliwafaa wanazuoni, lakini usingefaa kibandani, ambapo kijana anayewinda kila upotevu mdogo anajifunza mota kuliko aliyekariri mchoro wake.

Wala siwacheki wanaoota. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku usio na mbalamwezi. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi wanatumia taa za LED na betri, na betri hizo lazima zichajiwe kabla ya jua kuzama. Mtu wa mwaloni akisikia habari ya betri inayojichaji, ana sababu ya kuvuta kiti.

Matumizi ya kweli yamejitokeza pembeni. Betri ya pikipiki iliyokaa muda mrefu bila chaji huota fuwele za salfeti kwenye bamba zake na kukataa kupokea. Wapo wanaozipitishia ile mipigo mifupi ya volti kwa siku kadhaa, na baadhi ya betri hurudisha sehemu ya uwezo wake. Sio zote. Yenye chumba kilichopiga shoti ndani haiamshwi na mpigo wowote, na fundi mwaminifu anaipima kwanza, anamwambia mwenye bodaboda asipoteze hela, na kumwonya asiipasue kutafuta risasi, kwa kuwa ile ni sumu na asidi yake inaunguza. Ile inayofaa inaunganishwa mahali pa betri ya pili, mwenyewe anaambiwa arudi baada ya siku tatu, na bei haijulikani mpaka taa iwashwe na saa itazamwe.